Habari za Kilinux na Mwanafunzi wa Mwambao wa Nyasa

Kompyuta haijui kazi yo yote kwa nafsi yake. Chuma na nyaya zilizomo ndani yake zahitaji kiongozi wa kuamua ni kazi ipi itangulie na ipi ingoje, faili liwekwe mahali gani, na ni nani aruhusiwe kulifungua. Kiongozi huyo ni mkusanyo wa programu uitwao mfumo endeshi. Mtu anayejifunza kompyuta kwa mara ya kwanza aghalabu hudhani anajifunza mashine. Kwa hakika anajifunza mfumo endeshi, ajapokuwa hajapata kulisikia jina lake.

Kwa mwanafunzi wa Chiwanda, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, somo hilo ni masomo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni chombo chenyewe. La pili ni Kiingereza, kwa kuwa maneno yanayomtokea katika skrini kwa kawaida ni ya lugha hiyo, nayo ni lugha aliyoanza kufundishiwa masomo yake juzi tu, alipoingia sekondari. Akikosea, hajui amekosea katika somo lipi. Huenda amekielewa chombo ila hakulielewa neno, na mwalimu humhesabia kosa moja tu, kwamba hawezi kompyuta. Mwaka 2004 lilianza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam jaribio la kuyatenga masomo hayo mawili. Liliitwa Kilinux. Yafaa habari zake ziandikwe, kwa sababu lilishindwa katika jambo lililotazamiwa zaidi, likafaulu katika jambo ambalo watu wengi hawakulihesabu.

Chiwanda ni kata ya Wilaya ya Nyasa, mkoa wa Ruvuma. Wilaya hiyo ilitengwa na Wilaya ya Mbinga mwaka 2012, na makao yake yako Mbamba Bay. Wakazi wake kwa jumla huitwa Wanyasa, lakini jina hilo moja limefunika lugha kadhaa: Kinyanja, Kimpoto na Kimanda katika mwambao, na Kimatengo milimani upande wa Mbinga. Kiswahili ni lugha ya wote, yaani lugha ya shule ya msingi, ya soko na ya baraza.

Mwambao huu ulikwisha kukutana na elimu iliyokuja pamoja na chombo kigeni. Katika miaka ya 1880 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliweka makao yao katika kisiwa cha Likoma, na baadaye wakawa na kiwanda cha kupiga chapa kisiwani humo. Kasisi William Percival Johnson, aliyefika Afrika ya Mashariki mwaka 1876 na kufariki Liuli mwaka 1928, alitumia karibu nusu karne katika kazi ya ziwani, akifasiri Biblia kwa Kinyanja. Vijana waliopanga herufi za risasi katika kiwanda kile walikabili alfabeti ngeni na mashine ngeni, lakini maneno waliyoyapanga waliyajua. Mwenye kupanga herufi za lugha yake huliona kosa kabla ya karatasi kupita katika mashine. Haifai, hata hivyo, kuzisifu siku zile kupita kiasi. Mtoto wa Kimanda aliyepewa kitabu cha Kinyanja alipewa lugha ya jirani, na uamuzi wa lugha ipi ipigwe chapa ulikuwa wa wageni.

Kompyuta ilifika Tanzania kwa njia nyingine kabisa. Ya kwanza ya serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, serikali iyo hiyo ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya kazi ya kuhamishia hesabu za Hazina katika mashine kuvurugika na kuleta hasara. Marufuku hiyo ililegezwa katika miaka ya 1980. Siku hizi watu huitaja amri ile kwa kuicheka, kana kwamba ilikuwa hofu ya washamba mbele ya maendeleo. Kicheko hicho si cha haki. Nchi ilikuwa imeweka hesabu zake ndani ya chombo ambacho wenyeji wachache mno waliweza kukifungua, kukichunguza na kukirekebisha. Swali lililokuwa chini ya amri lilikuwa swali la kweli. Lililokosewa ni jibu, maana mlango ulifungwa kwa wanafunzi pamoja na wachuuzi.

Katika miaka iyo hiyo swali hilo lilikuwa likiulizwa pia Marekani, na wataalamu wenyewe. Mfumo endeshi wa Unix ulianza kutungwa mwaka 1969 katika maabara za Bell na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Baadaye makampuni yakazidi kuuza programu kama maboksi yaliyopigwa lakiri: mnunuzi aruhusiwa kutumia, haruhusiwi kuona ndani. Septemba 1983 Richard Stallman alitangaza mpango wa GNU, wa kutunga mfumo mzima ambao kila mtu atakuwa na haki ya kuutumia, kuuchunguza, kuugawa na kuubadili. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, aliwaarifu wenzake kwamba anatunga mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu. Kazi yake ilikuwa kiini, yaani sehemu ile inayosimamia chuma chenyewe. Na mwaka 1992 aliiweka chini ya leseni ya GNU. Kiini cha Torvalds na programu za GNU vilipounganishwa, pakawa na mfumo kamili. Watu waliuita Linux.

Hapa Kiswahili kina faida ambayo wenye lugha ya Kiingereza wameikosa. Neno lao moja lina maana ya kitu kisicho na bei, na lina maana ya mtu asiyekuwa mtumwa. Stallman amelazimika maisha yake yote kueleza kwamba akusudia maana ya pili wala si ya kwanza. Mswahili hana haja ya maelezo hayo. Kitu kisichouzwa ni cha bure. Kitu kisichofungwa ni huru, au huria. Tena neno bure lina maana ya tatu, nayo ni hasara: kazi bure, maneno bure. Kwa hiyo aliyewaambia wanunuzi wa Kariakoo kwamba Linux ni programu ya bure alikuwa ameishusha thamani kabla hajaifungua, na aliyesema ni programu huria alihitaji kukaa kitako na kufafanua. Sehemu kubwa ya habari zinazofuata yatokana na tofauti hii.

Mpango wa Kilinux uliendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na IT+46, kampuni ya Sweden. Jina lenyewe ni zuri kuliko linavyoonekana. Kiambishi ki- ndicho kilichotupatia Kiswahili, Kinyanja na Kimatengo, yaani lugha na desturi ya watu fulani. Kwa hiyo Kilinux ni kana kwamba ni lugha ya watu wa Linux. Desemba 2004 lilitolewa tunda lake la kwanza kubwa, Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua, kupangia hesabu na kuandalia mafunzo, yenye maagizo yake kwa Kiswahili. Hapakuwa na haja ya kuomba ruhusa kwa mwenye mali, maana leseni ilikwisha kuitoa ruhusa hiyo kwa kila mtu. Mwaka uo huo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuzifasiri programu zake kwa Kiswahili. Tofauti ya mipango hii miwili haikuwa ya ustadi wa wafasiri, kwa kuwa pande zote mbili ziliwatumia Waswahili wenye elimu. Tofauti ilikuwa kwamba katika mmoja wafasiri waliweza kuendelea au kuacha kwa hiari yao, na katika mwingine hiari ilikuwa ya kampuni.

Kazi ya kufasiri mfumo wa kompyuta haifanani na kufasiri kitabu. Mfasiri hapewi aya, hupewa orodha ya vipande maelfu, vingine neno moja, vingine sentensi yenye shimo ambamo mashine itatia jina la kitu. Waliozitunga sentensi hizo walidhani kwamba neno lo lote laweza kutiwa shimoni bila sentensi kubadilika. Kiswahili hakikubali. Faili limefutwa, ujumbe umefutwa, picha imefutwa, kitabu kimefutwa: kitenzi chamtazama mwenyewe kabla ya kujivika kiambishi. Mashine haijui ngeli. Mfasiri hana budi kutafuta njia ya kuzunguka, mathalani kuandika jina la aina mbele ya shimo, au kuigeuza sentensi ili kitenzi kisiwe na mtendwa wa kupatana naye. Hapo ndipo wanafunzi wa kompyuta walipolazimika kukaa na sarufi, na watu wa sarufi wakalazimika kuuliza kile kipande kinatokea lini, katika dirisha gani, na baada ya mtumiaji kufanya nini. Kwa maneno mengine, ili waufasiri mfumo iliwabidi waujue kama fundi anavyoujua.

Msamiati uliokusanyika katika miaka hiyo, kwa kazi ya Kilinux na ya wengine, wastahili kutazamwa neno kwa neno, maana sehemu yake iliyo bora haikutungwa. Ilichukuliwa jikoni, shambani na bandarini. Kubofya ni kulibonyeza embe kwa kidole kujua kama limeiva. Sasa ni kubonyeza kitufe. Kusakinisha kwatokana na kusakini, yaani kukaa mahali. Programu inayosakinishwa yapewa makazi ndani ya mashine. Kutendua ni kitenzi kipya, lakini kimejengwa kwa kanuni kongwe iliyozaa fungua kutoka funga na ziba ikazaa zibua. Mwanafunzi hulielewa mara ya kwanza analolisikia. Kupakia na kupakua ni maneno ya vyombo vya majini, na kwa watu wa Mbamba Bay, wenye kungojea meli na mitumbwi ya mizigo, hayahitaji mwalimu. Maneno mengine hayakuwa na bahati. Wakenya walisema tarakilishi pale ambapo Watanzania walibaki na kompyuta, na kile kidude cha mkononi kikawa kipanya upande mmoja na puku upande mwingine. Mwaka 2011 ilitoka Kamusi Sanifu ya Kompyuta, ila ugomvi wa puku haukwisha kwa sababu hiyo.

Basi na achukuliwe mwanafunzi ambaye hajapata kugusa kompyuta, awekwe mbele ya Linux. Atajifunza nini? Kwanza, kwamba mafaili yote ya mashine yananing'inia katika shina moja, kama matawi ya mti, na kila mtumiaji ana tawi lake liitwalo nyumbani. Pili, kwamba Barua yenye herufi kubwa na barua yenye herufi ndogo ni mafaili mawili tofauti. Tatu, kwamba kila faili lina ruhusa za watu wa namna tatu, mwenyewe, kikundi chake na wengineo, na kwamba kusoma, kuandika na kuendesha ni ruhusa mbalimbali. Jambo hili la tatu humshangaza aliyeanza na mfumo mwingine, lakini mtu aliyekulia katika kijiji chenye shamba la mtu, shamba la ukoo na msitu wa wote huliona la kawaida. Nne, kwamba yupo mtumiaji mmoja mwenye mamlaka juu ya vyote, naye asitumiwe kwa kazi za kila siku.

Mambo hayo yote yaweza kufundishwa kwa Kiswahili safi. Lakini chini ya madirisha yaliyofasiriwa lipo dirisha jingine, jeusi, la kuandikia amri, na huko tafsiri haikufika. Amri ya kuorodhesha ni ls, ya kunakili ni cp, ya kuhamisha ni mv. Ni vifupisho vya maneno ya Kiingereza, navyo haviwezi kubadilishwa pasipo kuzivunja programu nyingine zinazovitegemea. Wapo waliosema kwamba kwa sababu hiyo Kilinux kilikuwa rangi juu ya ukuta wa mtu mwingine. Hoja hiyo ina kweli nusu. Mtu wa London asiyejua kompyuta haelewi cp kuliko mtu wa Chiwanda; wote wawili sharti wakariri. Asiyefanana nao ni wa Chiwanda anapokwama akahitaji maelezo ya cp, kwa maana maelezo, si amri, ndiyo marefu, nayo yalibaki kwa Kiingereza. Kama ingelazimu kuchagua, ingefaa vifasiriwe vitabu vya maelezo kwanza na vitufe baadaye. Mpango ulianza na vitufe, kwa kuwa vitufe huonekana katika maonyesho.

Kwa nini basi Kilinux hakikuenea shuleni, hata mikoa kama Ruvuma ikaendelea kufunza kwa mfumo uliofungwa na kwa lugha ya kigeni? Umeme ulihusika. Gridi ya taifa ilifika Songea mwishoni mwa miaka ya 2010 kwa njia ya waya kutoka Makambako. Kabla yake mkoa ulitegemea hasa majenereta. Intaneti ilihusika, maana Linux hupata programu zake na marekebisho yake kwa kupakua, na nyaya za baharini zilifika mwambao wa Afrika ya Mashariki mwaka 2009. Lakini sababu hizo zingeweza kuuzuia mfumo wo wote. Sababu iliyoikwaza Linux peke yake ni kwamba mfumo wa kulipiwa ulikuwa ukipatikana bila kulipwa. Kompyuta zilikuja na Windows ndani yake, au fundi wa mtaani aliitia kwa nakala isiyo na leseni. Mnunuzi aliyeambiwa kwamba Linux haina bei alijibu kwamba hata aliyo nayo hakuilipia. Hoja ya bure ilikwisha hapo; na hoja ya huria, yaani kwamba waweza kuifungua na kuibadili, haikuwa na maana kwa mtu ambaye hajaambiwa na mtu ye yote kwamba kompyuta ni kitu cha kufunguliwa.

Iko sababu nyingine, nayo yawahusu wasomi wa lugha. Biblia ya Johnson ilipokwisha kupigwa chapa ilikuwa imekwisha. Iliweza kusomwa miaka mingi bila mfasiri kurudi mezani. Tafsiri ya programu haiishi. Mfumo wa Ubuntu, mathalani, hutoa toleo jipya kila Aprili na kila Oktoba, na kila toleo lina vipande vipya visivyofasiriwa. Mfasiri akipumzika miaka miwili, mtumiaji hukuta skrini iliyochanganyika, nusu Kiswahili na nusu Kiingereza, na mchanganyiko huo humchosha kuliko Kiingereza kitupu. Mpango wenye fedha za miaka michache hauwezi kuibeba kazi isiyo na mwisho. Ingehitajika taasisi ya kudumu, yenye watu walioajiriwa kwa kazi hiyo, kama zilivyo taasisi za kutunga kamusi.

Ubuntu wenyewe una habari yake katika mambo haya. Ulitolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, wiki chache kabla ya Jambo OpenOffice, na mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini. Jina ni la lugha za Wanguni, na maana yake ni utu. Mnyanja wa mwambao wa Nyasa husema umunthu, na hahitaji kamusi kuona kwamba ni neno lake katika kinywa cha jirani. Kampuni yake, Canonical, iliwapelekea watu wa nchi zote santuri za mfumo huo kwa posta bila malipo, hata ilipoacha mwaka 2011. Kwa mahali pasipo na intaneti ya kutosha, posta ilikuwa njia ya busara kuliko zote. Mwanafunzi aliyeifungua bahasha hiyo alipata mfumo wenye jina la Kibantu, ambao ndani yake Kiswahili kilikuwa kimefasiriwa kwa sehemu tu.

Vilivyosalia katika kazi ya miaka ile si haba. Kiswahili cha Tanzania kilipata alama yake, sw_TZ, ambayo kwayo mashine hujua majina ya siku na ya miezi, na namna ya kuandika tarehe na fedha. Kamusi ya tahajia iliyo chini ya alama hiyo, ambayo hata sasa hugawanywa pamoja na LibreOffice, mrithi wa OpenOffice tangu mwaka 2010, ni kazi ya mhadhiri wa Kenya. Mkenya aliyeitia kazi yake bendera ya Tanzania astahili shukrani ambazo hajapewa. Na waliozifasiri programu zile wakajikuta wameujua mfumo kwa undani ambao darasa la kawaida halitoi. Hilo ndilo fanikio ambalo halikuhesabiwa. Kilinux kilikusudiwa kumfundisha mtumiaji, kikamfundisha mfasiri. Na kama kila darasa la sekondari lingepewa vipande hamsini vya kufasiri na kujaribu katika mashine, mfasiri na mtumiaji wangekuwa mtu mmoja. Leseni iliruhusu hivyo mwaka 2004, na yaruhusu hivyo leo.

Wakati huo huo Linux imefika Chiwanda kwa mlango ambao Kilinux hakikuupanga. Simu zitumiazo Android, zilizoanza kuuzwa duniani mwaka 2008, zina kiini cha Linux ndani yake, na Kiswahili kimo katika lugha zake. Mvuvi anayeuza dagaa kwa simu hiyo, na mwanawe anayepakua nyimbo, wote wawili ni watumiaji wa Linux kwa Kiswahili. Hakuna aliyewaambia jina lake. Leseni ya kiini kile yampa kila mwenye simu haki ya kuomba maandishi yake ya asili ayasome, ila haki hiyo imeandikwa katika ukurasa wa ndani kabisa wa simu, chini ya majina marefu ya makampuni; na ukurasa huo, katika simu iliyokwisha kuwekwa Kiswahili, ni wa Kiingereza.